Ndala Kuukuu Itaje Mbegu Yako

BWANA SHAMBA ANASEMA



Katika safu hii nimezoea kuzungumza nanyi juu ya kupanda kwa mistari, kupalilia mapema, na kung'oa na kuchoma masalia ya pamba. Mwezi huu nitazungumza juu ya ndala. Ndiyo, ndala. Zile zilizokatika kamba na kutupwa nyuma ya nyumba, hata mbuzi hawazitaki.

Ndala hiyo inaweza kuwa muhuri. Muhuri huo unaweza kupiga jina na picha juu ya pakiti ya karatasi. Pakiti hiyo inaweza kutunza mbegu zako, au michembe unayopeleka mnadani. Kazi hii si ya watoto peke yao, wala si ya mchezo. Nitaeleza kwanza jinsi mimi mwenyewe nilivyofundishwa umuhimu wake. Nilifundishwa kwa aibu.

KOSA LANGU

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mbegu za mahindi zilizobaki kutoka shamba darasa. Mbegu hizo zilikuwa zimepakwa dawa ya kuzuia wadudu na ukungu. Panya walitoboa mfuko wake. Mimi nikazigawa katika pakiti ndogo za karatasi ya kaki. Juu ya kila pakiti niliandika kwa kalamu: MBEGU. INA DAWA. USILE. Kisha nikawapa wakulima wachache hapa Mwamapalala ili wajaribu kupanda.

Niliona nimefanya kazi nzuri. Kumbe sikuwa nimefikiri.

Katika nyumba moja pakiti ilitundikwa ukutani, karibu na mfuko wa michembe. Mvua zikachelewa. Chakula kikapungua. Siku moja baba na mama walikuwa shambani. Bibi alikuwa nyumbani na wajukuu wawili, nao walikuwa na njaa. Bibi aliona pakiti, akaifungua, akakuta mahindi. Bibi huyo hajui kusoma. Maneno yangu yote kwake yalikuwa mistari tu.

Mjukuu mkubwa aliuliza, "Bibi, mbona mahindi haya ni mekundu?"

Bibi akajibu, "Ni vumbi, mjukuu wangu. Tutayaosha."

Akayaosha mara tatu. Wekundu ukapungua. Akayachemsha. Yeye mwenyewe hakula, aliwaachia watoto. Kabla jua halijashuka, watoto wote wawili walikuwa wanatapika na kutetemeka. Jirani mwenye pikipiki aliwakimbiza zahanati, na kutoka hapo wakapelekwa hospitali. Namshukuru Mungu, wote wawili walipona.

Nilikwenda kumwona bibi. Nilikaa chini kwenye kigoda, sikujua nianzie wapi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Bwana shamba," alisema, "wewe uliandika. Lakini uliandika kwa ajili ya nani?"

Ndugu wasomaji, nimesoma kilimo hadi nikapata cheti. Nilijifunza udongo, mbegu na wadudu. Swali hilo sikuwahi kuulizwa darasani. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa mara mbili. Kwanza, mbegu yenye dawa haitakiwi kutolewa katika mfuko wake na kuwekwa katika karatasi kama chumvi. Pili, nilimwandikia asiyesoma.

TULIVYOTAFUTA PICHA

Nililipeleka swali la bibi katika darasa la kisomo cha watu wazima. Tulikubaliana kwamba kila pakiti ya mbegu katika kijiji iwe na picha, pamoja na jina kwa herufi kubwa. Anayesoma asome. Asiyesoma aone. Anayejifunza kusoma aone picha, kisha alitambue neno.

Lakini nani atachora picha mia moja zinazofanana? Mwanafunzi mmoja, fundi wa katambuga, ndiye aliyetoa jibu. Alichukua kisigino cha ndala, akakikata kwa kisu chake kuwa umbo la punje ya mhindi. Akakipaka wino, akakigandamiza kwenye karatasi. Picha ikatoka. Akagandamiza tena. Picha ikatoka ile ile.

Picha za mazao hazikutusumbua. Suke la mtama, ganda la choroko, ua la alizeti: kila mtu alizitambua. Taabu ilikuwa alama ya sumu. Tulichora tatu, tukampelekea bibi.

Ya kwanza ilikuwa alama ya kukata, mistari miwili iliyopishana. Bibi akasema, "Hii ni ya mwalimu. Amekosa hesabu."

Ya pili ilikuwa chungu, na juu yake alama ile ile ya kukata. Bibi akasema, "Chungu na miko miwili. Chakula kiko tayari."

Ya tatu ilikuwa chungu kilichopinduliwa. Bibi akasema, "Hapa leo hakuna kupika." Tukapiga makofi. Tukadhani tumemaliza.

Ndipo mama mmoja akachukua pakiti, akaigeuza juu chini. "Na sasa?" akauliza. Chungu kilikuwa kimesimama vizuri, tayari kwa kupikia. Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu.

Mwisho tulirudi kwenye alama inayotumika duniani kote: fuvu la kichwa cha mtu na mifupa miwili iliyopishana. Alama hiyo iko kwenye lebo za dawa kali za kuua wadudu. Bibi hakuijua. Tulimweleza. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema, "Kichwa cha maiti hata ukikigeuza ni kichwa cha maiti. Wekeni hicho."

Tulijifunza jambo hapo. Picha nayo husomwa, na kusoma picha kunafundishwa. Kwa hiyo tuliieleza alama hiyo katika mkutano wa kijiji, kanisani na shuleni. Anayeijua kwenye pakiti ya nyumbani ataijua pia kwenye chupa ya dukani. Lakini kumbukeni: dawa isiyo na fuvu kwenye lebo si kwamba ni salama. Dawa zote za wadudu zitunzwe mbali na chakula na watoto.

MAHITAJI

1. Ndala kuukuu yenye soli nene. Kisigino kinafaa zaidi, kama hakijalika sana.
2. Wembe mpya au kisu kikali chenye ncha.
3. Penseli, kalamu ya wino na karatasi nyepesi.
4. Kipande cha ubao chenye ukubwa wa kiberiti au zaidi kidogo.
5. Gundi ya fundi viatu, au ile ya fundi baiskeli ya kuzibia pancha.
6. Kipande cha sponji ya godoro kuukuu na kifuniko cha kopo.
7. Wino.

Sponji ya godoro haifai kwa kuchonga muhuri. Ina matundu makubwa na hulegea. Kazi yake ni kushika wino. Soli ya ndala ina matundu madogo sana, nayo imeshikana. Huinama kidogo unapoigandamiza, kwa hiyo hugusa karatasi pote. Ndiyo maana picha hutoka vizuri hata kwenye karatasi ya kaki yenye mikwaruzo.

Kama huna ndala, tumia mpira wa ndani wa baiskeli. Kata umbo kwa mkasi, ulibandike kwenye ubao. Hata kiazi kitamu kilichokatwa katikati hufaa, lakini hicho ni cha siku moja tu. Kesho yake kimesinyaa.

JINSI YA KUTENGENEZA

Hatua ya kwanza. Osha ndala kwa sabuni na maji, uikaushe kivulini. Kata kipande cha mraba, sentimita 5 kwa 5. Upande wa chini una mistari ya kuzuia utelezi. Usiutumie huo. Tumia upande wa juu, uliokuwa unakanyagwa na mguu. Usugue kwa msasa au jiwe laini hadi uwe sawasawa.

Hatua ya pili. Chora picha kwenye karatasi nyepesi kwa penseli. Kandamiza penseli ili weusi uwe mwingi. Chora kubwa na rahisi. Usiweke mistari myembamba kama unywele, itakatika. Suke la mtama lisiwe na punje hamsini, punje kumi zinatosha.

Hatua ya tatu. Ilaze karatasi juu ya ndala, upande wenye picha uangalie chini. Sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Weusi wa penseli utahamia kwenye ndala. Picha itakuwa imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Usishtuke. Ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu muhuri utaigeuza tena. Pitia mistari kwa kalamu ya wino ili uione vizuri.

Hatua ya nne. Kata kufuata mistari kwa wembe. Ingiza wembe kiasi cha nusu sentimita tu, usitoboe hadi chini. Inamisha wembe kidogo ili kitako cha mchoro kiwe kipana kuliko uso wake. Mchoro wenye kitako chembamba huyumba na kuchafua karatasi. Kisha kata kwa ubavuni na uondoe sehemu zisizotakiwa. Kinachobaki kimeinuka ndicho kitakachopiga chapa. Wembe uelekee mbali na vidole. Watoto wachore na kugonga, lakini wembe ushikwe na mkubwa.

Hatua ya tano. Bandika ndala kwenye ubao kwa gundi. Weka jiwe juu yake, uache hadi kesho. Kwenye mgongo wa ubao chora mshale unaoonyesha juu, ili usije ukagonga picha miguu juu.

HERUFI HUTAZAMA NYUMA

Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo darasa letu la kisomo lilipofurahi zaidi.

Muhuri hugeuza kila kitu kama kioo. Lakini herufi nyingine hazijali. Chukua A. Ikunje katikati kutoka juu hadi chini. Upande wa kulia ni sawa na wa kushoto. Kwa hiyo A ikigeuzwa ni A ile ile. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi 24, kwa maana hatutumii Q wala X. Kati ya hizo, herufi kubwa 10 hazibadiliki zikigeuzwa: A, H, I, M, O, T, U, V, W na Y.

Sasa tazama neno MTAMA. Herufi zake zote zimo katika hizo kumi! Huna haja ya kugeuza herufi hata moja. Unageuza mpangilio wake tu. Kwenye ndala unachonga AMATM, na kwenye karatasi inatoka MTAMA. Kwa sababu hiyo tuliuchagua mtama uwe muhuri wetu wa kwanza wa maneno. Anayeanza asianze na DENGU wala CHOROKO.

Herufi nyingine tano zina siri: B, C, D, E na K. Hizi nusu ya juu ni sawa na nusu ya chini. Ukizichonga moja moja, kila herufi na muhuri wake, kisha ukasahau kuzigeuza, usitupe. Geuza muhuri juu chini, ugonge. Herufi itatoka sawa, ikiwa nusu zake mbili ulizikata zikalingana.

Zimebaki tisa: F, G, J, L, N, P, R, S na Z. Hizi hazina msamaha. Ukikosea, chukua ndala nyingine. N na Z ndizo zinazodanganya zaidi. Ukizipindua juu chini zinaonekana sawa, kwa hiyo watu hudhani zinasameheka. Hazisameheki.

Na tarakimu? Muhuri wa 6 ukigeuzwa juu chini hupiga 9. Kwa hiyo tarakimu kumi zinahitaji mihuri tisa tu. Mzee mmoja wa darasa letu aligundua hilo mwenyewe, akakataa kwenda nyumbani hadi kila mtu alipokiri kwamba ni yeye aliyegundua.

WINO

Wino wa muhuri unaouzwa madukani ni mzuri, na haufutiki upesi. Kikundi kinaweza kuchanga na kununua chupa moja.

Ukitaka kutengeneza mwenyewe, tumia masizi ya sufuria. Yachekeche kwa kitambaa chepesi hadi yawe laini kama poda. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, uuache upoe. Changanya masizi na uji kidogo kidogo hadi uwe mzito kama maziwa ya mgando yaliyopigwa. Uji ndio unaoyashikiza masizi kwenye karatasi. Bila uji, yatafutika kwa kidole. Utomvu wa mgunga ulioyeyushwa katika maji ya moto hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Tengeneza kidogo, wa kutosha siku hiyo tu, kwa sababu uji wa muhogo huchacha. Wino huu hauvumilii maji. Pakiti isinyeshewe.

Usitumie unga mweusi wa ndani ya betri. Najua wengine huutumia kupaka kuta. Unga huo una madini yenye madhara, na mikono yako itashika chakula.

Mimina wino kwenye sponji iliyolala katika kifuniko cha kopo. Sponji ilowe, isielee. Gusisha muhuri kwenye sponji mara mbili au tatu. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya kutupa. Gandamiza wima, hesabu hadi tatu, inua wima. Usisugue. Wino ukizidi, picha huwa na ndevu. Ukipungua, picha huwa na mabaka. Ukimaliza kazi, osha muhuri kwa maji, uukaushe kivulini, uuweke uso wake ukiangalia juu.

PAKITI

Chukua karatasi ya kaki yenye urefu wa sentimita 24 na upana wa sentimita 20. Kunja pande mbili zikutane katikati, upande mmoja upande juu ya mwenzake kwa sentimita 1. Bandika kwa uji mzito wa muhogo. Kunja chini sentimita 2, ubandike. Sasa una pakiti inayochukua robo kilo ya choroko bila shida.

Gonga muhuri kabla ya kujaza, pakiti ikiwa imelala. Ukishajaza, uso wake huwa na vilima na picha hukatika. Gonga picha na jina la zao. Chini yake andika kwa kalamu mwezi na mwaka wa mavuno. Mbegu isiyo na mwaka ni kama mtu asiyejua umri wake. Huwezi kujua kama bado ina nguvu.

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Pakiti za karatasi sasa zina wateja. Mwenye michembe, karanga au choroko za kula anaweza kugonga muhuri wake, na mteja akamtafuta tena mnada ujao. Lakini karatasi ya chakula iwe safi na mpya. Mifuko ya saruji isitumike kwa chakula, wala magazeti yenye wino, hata gazeti hili.

Kumbukeni pia kwamba karatasi haizuii bungua wala panya. Kausha mbegu vizuri, weka pakiti zako ndani ya debe au kibuyu chenye kifuniko kinachobana.

MAMBO MANNE YA KUKATAA

Moja. Usihamishe mbegu yenye dawa kutoka katika mfuko wake. Mfuko ukitoboka, utie mfuko wote pamoja na lebo yake ndani ya mfuko mwingine, kisha ugonge fuvu na neno SUMU kwa wino mwekundu, mbele na nyuma. Tundika mbali na jiko. Dawa yenyewe ya wadudu usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda au pakiti.

Mbili. Kuosha na kuchemsha hakuondoi sumu. Mtu akila, mkimbizeni kituo cha afya mara moja, na chukueni pakiti au lebo ili mganga aione. Msimlazimishe kutapika.

Tatu. Muhuri wetu ni wa kutambua mbegu nyumbani. Si cheti. Mbegu za kuuzwa kwa ajili ya kupandwa zina sheria yake, na Taasisi ya Udhibiti Ubora wa Mbegu Tanzania, TOSCI, ndiyo inayozikagua. Anayetaka kuuza mbegu aje tuzungumze juu ya utaratibu wa Mbegu za Kuazimiwa Ubora. Na asije mtu akachonga muhuri wa kijiji, wa ushirika au wa serikali. Hiyo ni jinai, hata kama umechongwa kwenye ndala.

Nne. Usichome mabaki ya ndala. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Mabaki madogo yanafaa kujazia mto wa kukalia.

KAZI HII SI NGENI

Msidhani tumeigundua sisi. Pwani, hasa Zanzibar, karne ya 19 ilipokuwa inakaribia mwisho, vitambaa viligongwa maua kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, na kanga zetu zimetokea katika njia hiyo. Nchini Ghana, katika mji wa Ntonso, mafundi huchonga mihuri kwa vipande vya kibuyu na kugonga alama za adinkra kwenye vitambaa. Kila alama ina maana yake, na wenyeji husoma alama hizo kama sisi tunavyosoma maneno.

Hapa kwetu nako, kibuyu ndicho kilichokuwa pakiti ya mbegu. Bibi aliniambia kwamba mama yake alikuwa na kibuyu cha kila mbegu, na alivijua kwa shingo zake gizani. Hakuna aliyekosea. Kilichobadilika ni kwamba sisi tulileta karatasi, ambazo shingo zake zote ni sawa.

Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria kwa msaada wa UNESCO. Wakati huo sisi tulikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Wakulima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyoeleza kilimo cha pamba. Maana yake ilikuwa kwamba neno na kazi viende pamoja. Muhuri wa ndala unafuata njia hiyo hiyo. Mkono unachonga MTAMA, jicho linasoma MTAMA, na pakiti ina mtama ndani yake.

Msimu uliopita nilipita nyumbani kwa bibi. Ukutani kulikuwa na pakiti nne. Nilimwuliza, kwa utani, kama anajua kilichomo.

Akaonyesha kwa fimbo yake. "Mtama. Choroko. Alizeti. Na ile ya juu kabisa, kule mbali, ni kichwa cha maiti. Ile haishuki mpaka baba yao aje na jembe."

Kisha akanyamaza kidogo, akaniita karibu. Alichukua pakiti ya mtama, akaweka kidole chini ya neno. "M," alisema. "Na hii ya mwanzo na ile ya nne ni moja. Nimeona mwenyewe."

Darasa letu la kisomo lina mwanafunzi mmoja zaidi. Umri wake haujui, lakini mwaka wa mbegu zake anaujua.

Tuonane mwezi ujao. Nitaeleza jinsi ya kupima kama mbegu ya zamani bado itaota, kwa kutumia kitambaa kilicholowa na mbegu kumi tu.

Bwana Shamba wenu,
Mwamapalala

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini maandishi ya bwana shamba hayakumsaidia bibi?
2. Kwa nini picha ya chungu kilichopinduliwa haikufaa?
3. Mkichonga neno SUMU, ni herufi zipi zitabadilika na zipi hazitabadilika? Andikeni neno hilo kama litakavyokuwa kwenye ndala.
4. Nyumbani kwako mbegu zenye dawa zinatunzwa wapi? Nani hapo nyumbani hawezi kusoma lebo yake?
5. Chonga muhuri wa zao moja. Mwonyeshe mtu ambaye hakuwapo darasani. Ametambua nini?